Kubebesha

Ligula, chumba namba nne, feni haizunguki.
Daktari Mchopa ananichoma sindano mkononi.
"Ugonjwa uko mdomoni," namwambia,
"damu ya kiwiko inahusikaje?"
"Tulia, mama Sharafi.
Leo unatibiwa kwa mali yako mwenyewe."

Jino la chini, la pili kutoka katikati, na jirani yake
yalikuwa yameanza kunisalimia kila nikila.
Nikiyasukuma kwa ulimi, mlango usio na komeo.
Mama yangu yalimtoka yote hajafika hamsini,
moja moja, akiyatupa juu ya paa kama mtoto.
Akasema ni uzazi. Akasema ni maji ya kisima.
Hakuna aliyemwambia ni mfupa unaoliwa
chini ya ufizi, kimyakimya,
mchwa ndani ya mwimo.

Mirija minne inaingia kwenye mashine
ndogo tu, inavuma. Dakika kumi na mbili.
Inapotoka, damu imejigawa:
chini nyekundu nzito, juu maji ya rangi ya mabua,
katikati utando, nyama ya dafu changa.

"Humu," anasema, ameubana kwa koleo,
"mna vichocheo vya ukuaji. Wajumbe.
Mwili huwatuma palipokatwa
wakaite wajenzi: njooni, hapa pamebomoka.
Kwako walikuwa wanafika wachache, tena wamechelewa.
Nakuletea gari zima hadi mlangoni."

Nikanyamaza, na si kwa ganzi tu.
Miaka kumi na tisa niko kitaluni Naliendele,
kisu mkononi, nachonga kikonyo mshazari,
napasua shina la mche, nachomeka,
nafunga kwa utepe wa nailoni, naondoka.
Sijawahi kuotesha kitu.
Mimi hukutanisha vidonda viwili;
kuunga ni kazi ya utomvu.
Nimewaambia hivyo vibarua wangapi!
Na leo nimelala chali, mdomo wazi,
mche.

Akafungua ufizi, akakwangua ugaga,
akajaza mashimo, akashona nyuzi saba.
Masharti: usitafunie upande huo, usiteme kwa nguvu,
usipeleke ulimi kuchungulia.
Hilo la ulimi ndilo lililonishinda.
Mkataze jirani kuchungulia uone.

Msimu ukapita. Tulipuliza salfa, ubwiriunga ukaja hata hivyo
kwenye mistari ya upande wa bonde.
Nikala uji, kunde za kuponda, samaki wa kuchemsha.
Asumini akanicheka: "Ng'oa, Somoe, uweke la dhahabu,
Masasi yuko fundi."
Nikamjibu kwa la wahenga: jino la pembe si dawa ya pengo.
"Mh. Na utando wa damu ni dawa?"
Sikuwa na jibu. Nikamwongezea chai.

Mwezi wa sita, picha kwenye kioo chenye taa.
Daktari anaonyesha kwa ncha ya kalamu:
hapa palikuwa peusi. Sasa, tazama, pana ukungu.
Si mfupa kamili. Ukungu.
Milimita mbili, labda na nusu.
Jirani yake halikushika; tutaling'oa Alhamisi.
Hakunificha, nami sikulia.
Katika miche mia, ikishika themanini
sisi huwanunulia vibarua soda.

Jioni nilibangua korosho moja,
nikaiweka juu ya jino lililobaki. Sikuuma.
Nililegeza taya tu, nikaacha uzito ukae,
kama unavyokwaruza kikonyo siku ya ishirini na moja
kwa kucha, kidogo,
kujua kama chini ya gamba
pana kijani.